Mti wa Chai ya Pipi

KIKUNDI CHA KITALU CHA CHAI, BOITO JUU

KUMBUKUMBU ZA KIKAO MAALUMU KILICHOFANYIKA JUMAMOSI TAREHE 8 JUNI 2024 KATIKA KIBANDA CHA KITALU. MWALIKO ULISEMA SAA TATU ASUBUHI. KIKAO KILIANZA SAA NNE.

WALIOHUDHURIA
Bw. Kipngeno Rotich – Mwenyekiti
Bw. Njuguna Mbugua – Mweka hazina, na ndiye mwenye duka la pembejeo ambako kikundi hununua dawa
Mzee Noah Kiptanui – Mwanachama mwanzilishi
Bi. Magdaline Nyambura – Mwanachama
Bi. Dorcus Chelangat – Katibu

MWALIKWA
Mwalimu Maxine Omariba – Mtafiti wa mimea, anayefundisha chuo kikuu Kabianga

WALIOKOSA KWA UDHURU
Bw. Ogoti – Alienda hospitali ya Longisa kumwona mgonjwa

WALIOKOSA BILA UDHURU
Bw. Ndung'u – Alionekana akipita barabarani na pikipiki, akapunga mkono

KUMB. NA. 1/06/2024: KUFUNGULIWA KWA KIKAO

Bi. Magdaline aliongoza maombi. Maombi yaligusa ajenda zote kabla hazijasomwa, pamoja na mvua, bei ya majani na tabia za vijana. Mwenyekiti alimshukuru na kusema kwamba kama Mungu amekwisha kuelezwa yote, basi wanachama wajitahidi kuwa wafupi.

Kuhusu Bw. Ndung'u, Mwenyekiti alisema hatangojwa, kwa kuwa asiyekuwepo na lake halipo.

KUMB. NA. 2/06/2024: KUTHIBITISHWA KWA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu za kikao cha Aprili. Azimio kubwa la kikao kile, lililopendekezwa na Bw. Njuguna na kupitishwa kwa kunyoosha mikono bila kupingwa, lilikuwa kwamba Chai ya Pipi iondolewe kitaluni, na tuta lake lipewe chai ya zambarau, ambayo wateja wanaiulizia.

Mwenyekiti alieleza kwa ajili ya mgeni hali ilivyo. Chai ya Pipi ni mti mmoja tu, ulioko nyumbani kwa Mzee Kiptanui, nyuma ya jikoni. Kila msimu kikundi kimekata matawi yake, kikayagawa kuwa vipandikizi vya jani moja, kikavipaka dawa ya mizizi na kuvipanda katika vifuko chini ya nailoni kama chai nyingine zote. Chai nyingine zinashika. Hii inaoza. Na sasa upande mmoja wa mti wenyewe umeanza kukauka kuanzia juu, kwa hiyo ukifa haujaacha mtoto hata mmoja, hiyo chai imeisha duniani. Mwenyekiti alisema azimio la Aprili litatekelezwa leo, isipokuwa kama mgeni ana neno la kuwafanya wanachama wabadilishe nia.

Mzee Kiptanui aliulizwa kama ana marekebisho katika kumbukumbu. Alisema hana.

KUMB. NA. 3/06/2024: YATOKANAYO: DAWA YA MIZIZI

Mwenyekiti alisema kabla ya kuzika maiti ni vizuri kujua kilichoua. Kwa maoni yake, kilichoua ni dawa kutoka duka fulani, ambayo ukiishika mkononi inafanana sana na unga wa mandazi.

Bw. Njuguna alijibu kwamba duka hilo lina jina na mwenye duka yuko hapa. Alisema dawa ni ileile inayoshika kwenye matuta mengine yote, na kwamba msimu uliopita Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyepaka, na alipaka kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa mwenziwe.

Mwenyekiti alitaka kauli ya siagi iondolewe. Bw. Njuguna alisema itaondoka ikiwa imeshikana mkono na ile ya mandazi. Katibu aliuliza ni ipi ianze kuondoka. Kila mmoja alitaka ya mwenzake ianze, hivyo zote zimebaki.

Bi. Magdaline alikumbusha kwamba mgeni ametoka Kabianga na barabara ni ya matope.

KUMB. NA. 4/06/2024: JINA LA MTI

Jambo hili halikuwa kwenye ajenda. Mwalimu Omariba aliomba radhi, akauliza kwa nini mti unaitwa wa pipi. Alisema asubuhi alipopitia kwa Mzee kuuona, alitafuna jani changa akalikuta chungu kama chai yoyote ile.

Bw. Njuguna, ambaye ndiye aliyeandika kibao cha tuta hilo kwa rangi nyekundu, alieleza kwamba hilo ndilo jina alilopewa na mwenye mti siku ya kwanza, na kwamba yeye dukani amekuwa akiwaambia wateja wasubiri, inakuja chai yenye utamu wake wa kuzaliwa, haihitaji sukari.

Mzee Kiptanui alisema, "Si pipi ya kula hiyo. Ni pipi. Pipi yangu."

Mzee aliona hajaeleweka, akasema tena polepole, "Pipi yangu, mama ya Chepkurui. Ni yeye alipanda."

Kwa faida ya atakayesoma kumbukumbu hizi bila kutujua: sisi tuliozaliwa na Kikipsigis, Katibu akiwa mmoja wetu, b na p kwetu ni ndugu wa nyumba moja, huingiliana bila kubisha hodi. Mama Chepkurui ni marehemu Priscillah, bibi yake Mzee, yaani mkewe. Chepkurui ni binti yao, ameolewa upande wa Kericho.

Mwenyekiti alisema yeye alijua tangu mwanzo kwamba ni chai ya bibi. Aliposoma kibao cha Bw. Njuguna hakuona kosa, kwa sababu alikisoma kama anavyosema. Mwezi wa Aprili alipoona Mzee amenyamaza, alidhani amekubali chai ya mkewe iondolewe, na hakutaka kumchokonoa.

Katibu naye alijua, na alidhani vivyo hivyo, na ndiye aliyeandika "Pipi" katika kumbukumbu kwa mkono wake huu.

Mzee aliulizwa kwa nini basi hakupinga. Alisema, "Mimi niliona mikono yote imeenda juu. Nikasema, hawa wanajua ni ya nani, na wameamua. Si mzuri mtu kushindana na kikundi juu ya mtu hayuko."

Bw. Njuguna aliuliza, kana kwamba hakusikia vizuri, kama ina maana yeye ndiye aliyependekeza chai ya mama iondolewe. Aliambiwa ndiyo. Alisema, "Mzee, mimi nilisikia pipi. Haki nilisikia pipi, ile ya watoto." Mzee alimwambia, "Na ndio nilisema."

Bw. Njuguna aliomba ruhusa ya kutoka nje kidogo. Alipewa. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Hakuna aliyekuwa amewasha moto. Katibu pia hakuwa sawa, na anaomba hilo libaki katika kumbukumbu.

KUMB. NA. 5/06/2024: MAELEZO YA MWALIMU OMARIBA

Mwalimu alisema ajali hiyo ya neno imemrahisishia kazi, maana alikuwa amehangaika njiani kutafuta mahali pa kuanzia.

Alieleza kwamba ile dawa ya mizizi ni homoni. Mti wa chai hujitengenezea yake kwenye ncha changa, nayo huteremka hadi kwenye kikonyo kilichokatwa; ya kopo inaongeza tu. Lakini homoni haitengenezi mzizi. Homoni ni neno. Mti ukilisikia, unaweza kutoa mzizi, au kurefusha tawi, au kupinda kufuata mwanga, au kukaa tu. Neno ni lilelile. Tofauti iko kwa anayelipokea ndani.

Mwenyekiti aliuliza huyo anayepokea ni nani. Mwalimu alisema ni protini fulani zilizomo ndani ya kila chembe ya mmea. Kazi yake ni kushika sehemu fulani za jeni na kuziamuru zianze kazi au zinyamaze. Alisema kwa Kiswahili cha vitabu zinaitwa vipengele vya unukuzi. Wanachama walilitazama jina hilo kwa heshima na kuliacha lipite.

Bi. Magdaline alisema, "Mwalimu, tupatie hiyo kwa lugha ya kanisani." Mwalimu alifikiri kidogo, kisha akauliza kama hapa Boito akija mhubiri mgeni anahubiri peke yake. Akaambiwa hapana, anasimama na mkalimani, la sivyo akina kogo, nyanya zetu wanaoketi mbele, hawapati kitu. Mwalimu alisema basi hizo protini ni wakalimani. Mhubiri ni homoni. Na kila mkalimani ana upande wake: yuko wa mizizi, yuko wa maua, yuko wa kufanya tawi kuwa gumu.

Alieleza pia kwamba wakati wa kawaida mkalimani hawezi kusema hovyo, kwa kuwa ana mzuiaji aliyemshika. Homoni inapoingia, huyo mzuiaji anaondolewa, anavunjwavunjwa kabisa, na mkalimani anabaki huru kusimama na kuifanya kazi yake. Hapo ndipo jeni za mzizi zinafunguliwa.

Sasa, alisema, tawi likizeeka, wakalimani wa mizizi wanakuwa wachache sana, na wengine wanazuiwa na vitu ambavyo homoni haiwezi kuviondoa. Wanaosimama ni wale wa kuni na maua. Ukiongeza dawa unaongeza sauti ya spika katika kanisa ambalo mkalimani hakuja. Hakuna atakayeokoka, na dawa ikizidi inachoma kikonyo, kikaoza.

Bw. Njuguna aliomba kujua kama hiyo inamaanisha dawa ilikuwa nzima. Mwalimu alisema hakuona kasoro ndani yake. Bw. Njuguna alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama mvua iliyokuwa ikinyesha nje.

Mwalimu alisema hataki kudanganya mtu: mengi ya haya yamechunguzwa zaidi katika gugu dogo la maabara kuliko katika chai, na yeye mwenyewe bado anatafuta ni wakalimani gani hasa wanaokosekana kwenye matawi makuukuu ya chai. Lakini matawi aliyoyaona kwa Mzee ni makuukuu. Mti umeachwa ukawa mti kweli, una maua na mbegu, unapita paa la jikoni. Aliuliza ni lini ulikatwa hadi chini mara ya mwisho.

Ukweli ni kwamba hapa kila mtu anajua vipandikizi vizuri hutoka kwenye mti uliokatwa ukachipua upya. Mtoto wa darasa la nne anajua. Hatukuwa tumekosa elimu. Tulikosa namna ya kumwambia Mzee, tukaona ni rahisi kuongeza dawa.

KUMB. NA. 6/06/2024: KUKATWA KWA MTI

Mwenyekiti alimwomba Mzee Kiptanui aseme mwenyewe. Mzee alisema mti huo ulikuwa ukikatwa na Priscillah. Yeye aliachiwa shamba la juu, lakini ule wa nyuma ya jikoni ulikuwa wa bibi, aliupanda walipokuja kukaa hapa wakiwa bado wapya, na alikuwa na panga yake fupi ya kuukatia, hakuna mwingine aliyeigusa. Mwaka aliolazwa Longisa, mti ulikuwa umefikia kukatwa. Mzee alimwambia kitandani kwamba ataukata. Priscillah alisema, "Hiyo wacha mpaka nirudi."

Mzee alisema, "Sasa mimi niliwacha."

Katibu alipumzisha kalamu hapa.

Mwalimu Omariba alieleza kwa sauti ya chini kwamba mti ukikatwa chini, machipukizi yatakayotoka kwenye kisiki yatakuwa na hali ya utoto, na kwa kawaida wale wakalimani wa mizizi huwa tayari humo. Vipandikizi vya namna hiyo vinaweza kushika hata bila dawa yoyote. Ila alisema wazi kwamba mti umekauka upande mmoja, na kuukata ni hatari. Unaweza kuchipua, na unaweza kufa moja kwa moja. Na ukiachwa kama ulivyo, atashangaa ukimaliza miaka miwili.

Bw. Njuguna alipendekeza azimio la Aprili lifutwe, tuta la mama libaki, na chai ya zambarau itafutiwe mahali pengine hata kama ni kwenye uwanja wa duka lake. Mwenyekiti aliunga mkono. Ni mara ya kwanza wawili hao kuungana mkono tangu kikundi kianze, na Katibu alirudia kuuliza ili kuhakikisha.

Kuhusu kukata, Mwenyekiti alisema kikundi hakiwezi kupigia kura mti wa mtu. Ni juu ya Mzee.

Mzee akamuuliza Mwalimu, "Hizo matawi mpya zikitoka, itakuwa ni yeye, ama itakuwa ni ingine?"

Mwalimu alisema kila kilichomo ndani ya mti kitabaki kilekile, hakuna kitakachopotea wala kuongezwa. Kitakachobadilika ni nani anaamka ndani kusoma. Alisema, "Ni yeye, baba. Ni yeye vile alikuwa msichana."

Mzee Kiptanui alisema, "Huyo namjua. Huyo ndio nilianza na yeye."

Akasimama, akachukua kofia yake. Mwenyekiti aliuliza kama ina maana amekubali, ili Katibu aandike. Mzee alisema Katibu aandike akitembea.

Kikao kiliahirishwa na wanachama wakamfuata hadi nyumbani kwake. Mzee aliingia ndani akatoka na panga fupi, ikiwa imefungwa kwa kitambaa cha kanisani. Bw. Njuguna alijitolea kumsaidia kukata, akakataliwa. Mwenyekiti alijitolea, naye akakataliwa. Mzee alikata mwenyewe, tawi baada ya tawi, kwa mkato wa kulala ili maji yasisimame, na kila tawi kubwa lilipoanguka alilisogeza kando kwa mkono badala ya kulisukuma kwa mguu.

Tuna desturi ya kuacha tawi moja la kupumulia, ili mti usikatwe pumzi yote kwa wakati mmoja. Mwenyekiti aliuliza liachwe lipi. Mzee aliacha lile la upande wa dirisha la jikoni. Alisema Priscillah alipenda kulisikia likigusa ukuta akipika.

Mwalimu alifunika kisiki kwa majani ya mti huohuo. Mwenyekiti aliomba methali ya asiyekuwepo, aliyoitaja katika Kumb. Na. 1/06/2024 iondolewe katika kumbukumbu. Katibu alikataa, kwa kuwa ilisemwa.

KUMB. NA. 7/06/2024: MENGINEYO

Mwenyekiti aliondoa kauli ya unga wa mandazi. Bw. Njuguna alisema kuondoa si kuomba msamaha. Mwenyekiti alisema, "Basi samahani, Njuguna, hata dawa yako ni safi." Bw. Njuguna aliondoa siagi.

Bw. Njuguna aliomba kikundi kimruhusu kuandika kibao upya. Aliruhusiwa. Alimwomba Katibu amwandikie neno kwenye karatasi ili safari hii asitegemee masikio.

Mzee aliwapikia wote chai ya majani machanga aliyoyachuma kwenye matawi yaliyoanguka. Hayakupita kiwandani, yalichemshwa tu na maziwa. Ilikuwa chungu. Tulikunywa yote na Bi. Magdaline akaomba nyingine.

KUMB. NA. 8/06/2024: KUFUNGWA KWA KIKAO

Kikao kilikwisha saa nane na nusu mchana, wanachama wakiwa bado jikoni kwa Mzee na hakuna aliyeonyesha haraka ya kuondoka.

Katibu aliposoma kumbukumbu hizi katika kikao cha Julai, Mwenyekiti alikubali kwamba ni sahihi lakini akakataa kuzitia sahihi. Alisema hawezi kuweka jina lake kwenye karatasi hii mpaka ajue kama kikundi kiliokoa mti wa mtu au kiliua. Katibu alimweleza kwamba utaratibu hauruhusu. Mwenyekiti alisema utaratibu utangoja. Kwa hiyo karatasi hizi zimekaa bila sahihi muda wote huo, na Katibu anaongeza yafuatayo ili ieleweke kwa nini tarehe ya chini hailingani na ya juu.

Kisiki kilikaa kimya Juni na Julai. Mzee alipita kukitazama kila asubuhi, na Bw. Njuguna naye alikuwa akipita, akisema anaelekea mahali pengine, ingawa nyuma ya jikoni kwa Mzee hakuna njia ya kwenda popote. Mwishoni mwa Agosti chipukizi lilitoka upande ule uliokuwa umekauka, ambako hakuna aliyetazamia. Desemba tulikata vipandikizi, laini, vya kijani. Kwa agizo la Mwalimu Omariba, nusu tulivipaka dawa na nusu hatukuvipaka, kisha tukavifunika.

Leo, Jumamosi tarehe 12 Aprili 2025, tumefunua nailoni mbele ya wote, Bw. Ndung'u akiwamo. Chepkurui alikuja kutoka Kericho. Mzee alichukua kifuko kimoja kutoka upande usiopakwa dawa, akakipasua kwa kucha, na mizizi ilikuwa humo, myeupe, imeshika udongo. Alikipa binti yake akishike. Akachukua kingine kutoka upande wa dawa, nacho kilikuwa kimeshika, na Bw. Njuguna alishukuru kwa sauti.

Kisha Bw. Njuguna alisimika kibao kipya, maandishi ya kijani, CHAI YA BIBI, na akamwomba Mzee akisome ili tuhakikishe hakuna kosa tena. Mzee Kiptanui alivaa miwani, akainama, akasoma kwa sauti mbele ya kikundi chote:

"Chai ya pipi."

Akasema sasa iko sawa. Na hakuna hata mmoja aliyesikia vingine.

Imetiwa sahihi kitaluni:

K. Rotich
Mwenyekiti, 12 Aprili 2025

D. Chelangat
Katibu, 12 Aprili 2025